Ubao, Chaki na Zamu ya Kusema

Fanya hesabu kidogo. Kipindi cha Kiingereza katika sekondari zetu ni dakika 40, yaani sekunde 2,400. Chukua mkondo wa Kidato cha Kwanza wenye wanafunzi 90. Hata kama mwalimu asingesema neno, na kila mtoto akapewa zamu ya kuzungumza peke yake huku wengine wakimsikiliza, kila mmoja angepata sekunde 26 na ushee. Sasa toa muda wa salamu, wa kuita mahudhurio, wa kufuta ubao uliojaa hesabu za kipindi kilichopita, na wa kugawa vitabu vinane vya kiada kwa watoto 90. Kinachobaki hakimtoshi mtoto kumaliza sentensi moja ndefu.

Madarasa ya namna hiyo yaliongezeka Tanzania tangu Januari 2016, ada ilipoondolewa hadi kidato cha nne na watoto ambao wangebaki nyumbani wakaingia shuleni. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini watu wanapoyazungumzia huhesabu vitabu, madawati na siku hizi kompyuta. Vyote hivyo vinahitajika, na sitetei uhaba hata kidogo. Ninachotaka kukitazama ni kitu kilicho adimu zaidi ya vitabu katika chumba hicho, nacho ni zamu: nafasi ya mtoto kuitumia lugha mwenyewe, kwa kinywa, kwa kalamu au kwa kuwaza, mara nyingi, na kwa jambo lenye maana kwake. Wapo walimu waliogundua namna ya kuzizidisha zamu hizo bila kuongeza dakika wala shilingi. Hao nawavulia kofia, na ningependa ufundi wao utazamwe polepole, kama kazi ya fundi yeyote mzuri inavyostahili kutazamwa.

Tuanze na mbinu isiyohitaji kitu zaidi ya ubao, chaki na dasta. Imo katika miongozo mingi ya ualimu na hakuna anayeidai kuwa yake. Mwalimu anaandika ubaoni kifungu kifupi, kwa herufi zinazosomeka kutoka dawati la mwisho: "Asha gets up at five. She fetches water from the well and sweeps the yard. Her brother takes the goats out. He comes back before she leaves for school." Hakuna neno la kutisha humo. Kazi imefichwa kwingine. Katika Kiswahili, anayeamka ni anayeamka tu, awe msichana au mvulana; kiambishi ni kilekile. Ndiyo maana hata wanafunzi wa kidato cha tatu humwita kaka "she" na mama "he" bila kusita. Kiswahili pia hakina vineno kama "a" na "the" vya kutangulia nomino, kwa hiyo vikikosekana, sikio la mtoto wetu halishtuki. Aliyeandika kifungu hiki amewaweka Asha na kaka yake jirani kwa makusudi, na amezipanda "the" mahali pote ambapo mtoto angezisahau.

Darasa linasoma pamoja mara mbili, mwalimu akifuatisha kwa rula. Kisha anachukua dasta. Hafuti mstari mzima. Anafuta "the" moja hapa, "she" moja pale, "from" ya katikati, na kila alipofuta anachora kistari chenye urefu wa neno lililotoka, ili idadi ya maneno ibaki ikionekana. Anamwashiria mwanafunzi wa dawati la nyuma asome kama vile hakuna kilichopungua. Anafuta tena: sasa ni "fetches" na "sweeps", vitenzi vyenye ile "s" ya mwisho ambayo wanafunzi huiacha. Inasoma safu ya dirishani. Anafuta tena, inasoma safu ya mlangoni. Baada ya dakika kumi ubao umebaki na vistari na jina la Asha, na watoto 90 wanakisoma kifungu kizima kutoka kwenye vistari hivyo.

Angalia kilichozipata zile sekunde 26. Mmoja alipokuwa akisoma kwa sauti, wengine 89 walikuwa wakiyajaza mapengo kimoyomoyo, kwa kuwa hakuna aliyejua ni nani angeitwa na dasta ingepita wapi. Zamu moja imekuwa zamu 90. Lakini hilo halitokei lenyewe. Mpangilio wa kufuta ndio kazi yote. Mwalimu mwenye uzoefu huanza na maneno ambayo mtoto anaweza kuyarudisha kwa kujua sarufi, halafu huenda kwenye yale yanayohitaji kukumbuka habari. Akigeuza mpangilio huo, akaanza na majina na vitenzi, kifungu kinavunjika mapema, madawati ya nyuma yananyamaza, na darasa linabaki na sauti za watoto kumi wa mbele. Akifuta haraka mno, watoto wanakisia. Akifuta polepole mno, wanakariri kama wimbo na akili inalala. Kasi sahihi huonekana kwenye nyuso za wanafunzi, na mwalimu huisoma akiwa amegeukia darasa nusu na ubao nusu.

Halafu ubao unafutwa wote na kila mtu anakiandika kifungu kwenye daftari. Jirani wanabadilishana madaftari, mwalimu anakiandika upya, wanasahihishana. Mwisho anatoa agizo moja: Asha awe Juma, na kaka awe dada. Sasa kila "she" na kila "her" lazima igeuzwe, na ile "he" ya sentensi ya mwisho nayo igeuke. Hakuna kitabu hata kimoja kilichofunguliwa.

Napenda pia kwamba mbinu hii haimwaibishi mwalimu. Walimu wetu wengi wa Kiingereza walifundishwa wenyewe katika madarasa hayahaya, na wengine hawajiamini wanapolazimika kuongea Kiingereza bila kujiandaa kwa dakika 40 mfululizo. Kifungu cha mistari minne anaweza kukiandaa jioni, akakihakiki kwa kamusi au kwa mwenzake wa ofisini, na asubuhi akaingia darasani akiwa na kitu ambacho ana uhakika nacho. Njia inayomtaka mwalimu awe mzungumzaji hodari kwanza ndipo ifanye kazi imewaacha nje wengi wa walimu walioko kazini leo.

Mtu aliyelichukulia tatizo la madarasa ya namna hii kwa uzito mapema ni Mwingereza Michael West. Alifanya kazi katika utumishi wa elimu wa India ya kikoloni, akawa mkuu wa chuo cha walimu huko Dacca, mji ambao leo ni Dhaka, makao makuu ya Bangladesh. Kitabu chake cha mwaka 1960, Teaching English in Difficult Circumstances, kinaeleza darasa ambalo mwalimu wa Kasulu au Tandahimba angelitambua mara moja: wanafunzi zaidi ya 30, mara nyingi 40 au hata 50, wamebanana kwenye mabenchi, chumba hakifai, joto ni kali, uwezo wa watoto unatofautiana sana, na mwalimu mwenyewe huenda Kiingereza chake si kizuri. Hao 50 aliowaona West kuwa wengi, katika baadhi ya shule zetu za kata ni nusu ya darasa.

Kilichomsumbua West huko Dacca ni watoto walioacha shule kabla ya wakati. Kozi zilipangwa kana kwamba kila mtoto angefika mwisho. Aliyeondoka mwaka wa pili alitoka na vipande visivyounganika. Akaazima wazo la watu wa bima, kwamba anayevunja mkataba wake mapema hurudishiwa kiasi fulani cha alichochangia. Mtoto anayeondoka baada ya mwaka mmoja wa Kiingereza anarudishiwa nini? Swali hilo lina huruma ndani yake, na lina ukali pia. Ukiliuliza kuhusu mtoto wetu anayeishia darasa la saba, majibu mengi ya kwenye mitaala hayasimami.

Jibu la West lilikuwa kusoma, kwa sababu mtoto anayeweza kusoma anaweza kuendelea kujifunza peke yake, bila mwalimu, hata akiwa anachunga mbuzi. Ila vitabu vya wakati wake vilijaa maneno ya fasihi ya kale yaliyopangwa bila hesabu. Akavitengeneza upya: neno adimu likaondolewa na la kawaida likawekwa mahali pake, neno jipya likaja moja moja, kisha likarudiwa kwenye aya hiyo na zilizofuata hadi msomaji alizoee. Orodha yake ya maneno ya msingi, yapata 2,000, ilitoka mwaka 1953, na wanaotengeneza vitabu vya wanafunzi wanaojifunza Kiingereza wameitumia kwa miongo mingi. Kazi ya kuhesabu maneno inachosha. Ni mtu anayemfikiria msomaji mmoja mwenye kitabu kimoja tu anayeweza kuivumilia kwa miaka.

Humo kwenye kitabu cha 1960 West anafundisha pia zoezi dogo ambalo lingestahili kuwa la kila wiki katika kila shule. Wanafunzi wawili, kitabu kimoja. Msomaji anakishika kitabu usawa wa kifua, anatazama kipande cha sentensi bila kutoa sauti, anainua macho, anamtazama mwenzake usoni na kumwambia. Anarudi kwenye kitabu, anachukua kipande kingine, anainua macho tena. Marufuku kusema macho yakiwa kwenye karatasi. Kwa kanuni hiyo ndogo kila kitu kinabadilika. Mtoto anayesoma kwa sauti macho yakiwa chini anaweza kupita ukurasa mzima akitamka herufi tu. Anayelazimika kuinua macho hubeba maneno kwa kumbukumbu kwa sekunde mbili au tatu, na hawezi kuyabeba bila kuyaelewa kidogo na kuyapanga upya kama mazungumzo. Vitabu visipotosha, kifungu kilichonakiliwa daftarini kinafaa vilevile, na darasa la watoto 90 linakuwa na wazungumzaji 45 kwa mara moja. Kelele zitakuwepo, na mwalimu mkuu anayepita koridoni inabidi aelezwe mapema.

Hata hivyo, West na kile kifungu cha ubaoni bado vinampa mtoto maneno ya mtu mwingine. Kutoka hapo hadi mtoto kuwaza kwa lugha hiyo kuna safari, na jaribio ninalolistahi kuliko yote katika safari hiyo lilifanyika kusini mwa India kati ya mwaka 1979 na 1984. Lilianzia Bangalore, likiongozwa na N. S. Prabhu, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi katika shirika la Uingereza la British Council huko Madras. Shule zilikuwa za kawaida za serikali, zenye ubao, chaki, karatasi na penseli. India ilikuwa imetumia kwa muda mrefu mtindo wa kufundisha miundo ya sentensi kwa mpangilio na kuirudiarudia, na walimu walikuwa wameona kwamba mtoto aliyeujua muundo Jumatatu hakuutumia Ijumaa alipouhitaji. Prabhu na wenzake wakaingia na dhana ngumu kuikubali: sarufi hukomaa kichwani pale ambapo akili inashughulika na maana. Wakaacha kufundisha miundo, wakaanza kuwapa watoto mambo ya kutatua.

Ratiba ya treni inaandikwa ubaoni. Mwalimu anauliza: treni ipi inafika mapema zaidi? Ipi inatumia muda mrefu njiani? Anayetaka kufika kabla ya saa sita mchana apande ipi? Sehemu hii ya kwanza inafanyika hadharani, mwalimu akiuliza kwa mpangilio, akirahisisha pale jibu linapochelewa, akipandisha ugumu pale linapokuja haraka. Kisha kila mtoto anapewa ratiba nyingine inayofanana na hiyo na maswali yake, na anaifanya peke yake, kimya, kwa penseli. Walitumia pia ramani, kalenda, michoro ya nyumba na ratiba za vipindi vya shule. Kati ya aina walizozijaribu, walipenda zaidi zile zinazomtaka mtoto akokotoe jibu kutokana na habari alizopewa. Hizo humpa sababu ya kurudi kwenye maneno mara ya pili na ya tatu, na wakati huohuo anajua anachokitafuta, kwa hiyo haogopi.

Kuihamishia kazi hiyo kwetu si shida. Andika ubaoni ratiba ya mabasi matatu ya Dodoma kwenda Dar es Salaam kupitia Morogoro, yenye saa za kuondoka, saa za kufika na nauli, halafu mpe mtoto abiria mwenye pesa kidogo na miadi ya hospitali. Utaona pia kitu ambacho watoto wa Bangalore hawakukutana nacho: saa 12 asubuhi ya kwetu ndiyo saa 6 ya Kiingereza, na mtoto hawezi kujibu swali bila kuvuka kutoka mfumo mmoja wa saa kwenda mwingine. Atakosea, atajirudi, atabishana na jirani. Hizo zote ni zamu.

Kipimo cha Prabhu na wenzake cha zoezi zuri ninakipenda kwa unyenyekevu wake. Kama takriban nusu ya darasa imepata takriban nusu ya maswali, ugumu unafaa. Wakipata wote, zoezi la kesho lipandishwe. Wakikosa karibu wote, lishushwe. Mwalimu hahitaji mtihani wa wilaya kujua hilo. Anahitaji kuyapitia madaftari siku hiyohiyo. Na waliyatupa mazoezi mengi yaliyoonekana mazuri kwenye karatasi na kufa darasani. Mwaka 1985 watafiti Alan Beretta na Alan Davies walichapisha tathmini iliyolinganisha wanafunzi wa mradi na wengine, na matokeo yaliuunga mkono kwa tahadhari. Prabhu alieleza kazi yote katika kitabu cha mwaka 1987, na ni mojawapo ya vitabu vichache vya ualimu ambavyo mwandishi wake anakuonyesha somo zima, swali kwa swali.

Kuna jambo moja ambalo mradi huo ulilikwepa, nalo ni kazi za makundi. Waliona kwamba watoto wakiachwa katika makundi wangezoea makosa ya wenzao. Semina zetu tangu mtaala wa sekondari wa mwaka 2005 zimehubiri makundi karibu kwa kila somo, kwa jina la mbinu shirikishi, na mwalimu mwenye madawati yaliyobanana hadi ukutani huambiwa awapange watoto saba saba. Nimeona mara nyingi kinachotokea: dakika 12 zinaisha kwenye kusogeza madawati, kiongozi wa kundi anaandika, wengine wanamtazama. Nakubaliana na Bangalore kwa sehemu kubwa. Kazi ya jirani kwa jirani, pale pale walipokaa, inatosha, na kazi ya kimya ya mtu mmoja inadharauliwa mno. Mtoto anayewaza kimya juu ya ratiba ya mabasi anashiriki kuliko aliyekaa kwenye duara bila kufungua mdomo.

Kenya ilizidisha zamu kwa njia ya redio. Kati ya mwaka 1980 na 1985 Taasisi ya Elimu ya Kenya, pamoja na shirika moja la Marekani na kwa fedha za serikali ya Marekani, ilitangaza masomo ya Kiingereza ya nusu saa kila siku kwa darasa la kwanza hadi la tatu. Sauti ya redioni inasema, inanyamaza, watoto wanajibu; inasema tena. Ufundi wote uko kwenye ule ukimya. Ukiwa mfupi, watoto wa polepole wanakatwa. Ukirefuka, wanaanza kuzungumza mambo mengine. Watengenezaji walikwenda kukaa darasani na kutazama vipindi vikisikilizwa, kisha wakavirekebisha. Zanzibar baadaye iliitumia njia hiyohiyo kwa watoto wadogo katika kipindi cha Tucheze Tujifunze.

Kaskazini mwa Kameruni, mjini Maroua, mwalimu kijana Harry Kuchah alikabidhiwa darasa lenye zaidi ya wanafunzi 200, katika joto linalopita nyuzi 40, na vitabu vya kuhesabika. Akakaa na wanafunzi wakazungumza: natarajia nini kwenu, nanyi mnatarajia nini kwangu. Darasa likahamia nje, chini ya miti, na wanafunzi wakaanza kuleta wenyewe vitu vya kusoma kutoka nyumbani na mjini. Mwaka 2011 aliandika habari hizo pamoja na Richard Smith wa Chuo Kikuu cha Warwick. Kinachonigusa ni mpangilio wa matukio: utendaji ulianza kwa dharura ya mwalimu mmoja, nadharia ikaja baadaye kuueleza. Elimu ya ualimu kwa kawaida hutembea kinyume chake, ikitoka kwenye nadharia ya nchi yenye madarasa ya watoto 20.

Kwetu Tanzania tatizo lina sura yake. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza ni somo tu. Januari ya Kidato cha Kwanza, mtoto aliyejifunza usanisinuru na sehemu kwa Kiswahili anakuta masomo yote yamegeuka. Ripoti ya Clive Criper na William Dodd ya mwaka 1984 ilionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kufuata masomo. Wasomi, akina Casmir Rubagumya, Martha Qorro na Zaline Roy-Campbell, wameliandikia jambo hili kwa miaka mingi. Qorro ameeleza kwa subira kwamba kutaka Kiingereza kifundishwe vizuri na kutaka kila somo lifundishwe kwa Kiingereza ni mambo mawili tofauti, na kwamba la pili linaweza kuliua la kwanza. Namuunga mkono kabisa.

Mwalimu wa Januari hawezi kusubiri mjadala uishe. Ndiyo maana nathamini kazi iliyofanywa na Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Bristol na Taasisi ya Elimu Tanzania katika muongo uliopita, Rubagumya akiwa miongoni mwao. Walitengeneza sura za vitabu vya Kidato cha Kwanza vya hisabati, baiolojia na Kiingereza kwa ajili ya mtoto anayevuka kutoka Kiswahili. Sentensi ni fupi, maneno yamepunguzwa kwa hesabu, michoro inabeba sehemu ya maana, maneno ya msingi yamewekewa Kiswahili chake palepale, na mwanafunzi anaelekezwa alijadili jambo kwa Kiswahili kwanza ndipo aandike kwa Kiingereza. West angeitambua kazi hiyo.

Hapo kwenye Kiswahili sina budi kusema wazi. Bado kuna shule ambako mtoto aliyekutwa akisema Kiswahili huvishwa kibao shingoni, akakitembeza siku nzima hadi amkamate mwenzake. Ni ukatili, na kwa upande wa ufundi ni upotevu. Mtoto anayeogopa hujifunza kunyamaza kwa lugha zote mbili, na zamu zake zinakwisha zote. Dakika mbili za Kiswahili mwanzoni mwa somo, watoto wakielezana kwa nini yule abiria asipande basi la kwanza, hununua dakika kumi za Kiingereza chenye maana. Mwalimu hodari hupanga dakika hizo mbili kwenye andalio la somo kama anavyopanga imla.

Mwaka 1990 Prabhu aliandika makala akiuliza kwa nini hakuna njia moja iliyo bora kwa wote. Hoja yake ilikuwa kwamba kila mwalimu ana hisia yake ya namna watoto wanavyojifunza, na ufundishaji unakuwa hai pale hisia hiyo inapofanya kazi. Unakufa mwalimu anapofuata hatua tu. Nikiwatazama walimu wazuri wa madarasa yaliyojaa, naona hisia hiyo ikionekana zaidi kwenye jambo lisilosifiwa na mtu: kusahihisha.

Mwalimu mwenye mikondo mitatu ya watoto 90 ana madaftari 270. Kwa dakika mbili kila moja, ni saa tisa. Wengi, kwa haki kabisa, wanaishia kuweka tiki na tarehe. Wenye ufundi wanafanya hivi. Wanakusanya madaftari ya dawati moja moja kwa zamu, kumi kwa siku kutoka kila mkondo, wakihakikisha kila dawati linafikiwa ndani ya wiki mbili. Hawatafuti kila kosa. Wana daftari lao dogo pembeni, na kosa linalojitokeza mara ya tatu linaandikwa humo pamoja na sentensi kamili ya mwanafunzi, bila jina lake. Jumatatu sentensi tatu kati ya hizo zinakwenda ubaoni kama zilivyo. Darasa linazisahihisha kwa penseli, kila mtu peke yake, kisha kwa pamoja. Kifungu cha wiki hiyo kinaandikwa kutokana na makosa hayo, ili "he" na "she" zilizokosewa na wengi zikutane kwenye mstari mmoja, na ile "s" iliyoachwa iwe ndiyo ya kwanza kufutwa.

Kwa mwaka mzima daftari dogo la namna hiyo linakusanya ramani ya Kiingereza cha watoto wa kata moja, sahihi kuliko kitabu chochote cha kiada kilichoandikwa mbali nao. Leo mwalimu akihamishwa anaondoka nalo, au linaishia kabatini, na anayepokea mkondo anaanza upya. Walimu wanaofundisha Kiingereza katika kata moja wangeweza kukutana mara moja kwa muhula, kila mmoja akiwa na daftari lake, wakalinganisha makosa na vifungu vilivyofaa, wakaandika nakala moja ya kubaki kwenye kituo cha walimu. Gharama yake ni mchana mmoja wa Ijumaa na daftari moja la mistari, na mwalimu mpya wa Januari angelikuta linamsubiri.